Mgeni wa Chumba cha Mikutano

Wiki iliyopita tulimwacha Rula amesimama mbele ya meza ya mapokezi, mkoba umemteleza begani na yeye hana habari. Dada wa mapokezi alikuwa amemtolea maneno kwa uso wa furaha, kama mtu anayempa mwenzake zawadi:

"Mumeo ameshafika, dada. Nimempeleka chumba cha mikutano. Nimempa na chai."

Basi wewe uliyepitwa, kaa sawa. Mume wa Rula alikuwa mchimba visima. Kisima kilimfukia, huu ni mwaka wa nne. Hakuopolewa. Palipokuwa mdomo wa kisima pamewekwa jiwe, na hilo ndilo kaburi lake.

"Mume wa nani?" aliuliza Rula.

"Kwani si wako?"

"Amejitambulishaje?"

"Jina hakutaja. Kasema tu, 'Mwambie Rula mzee wake yupo.' Nikamuuliza Rula ndiye nani, akacheka. Akasema yule mama wa michoro, chumba cha mwisho." Furaha ilianza kumtoka usoni. "Dada, kwani vipi? Mbona umekuwa hivyo?"

 Katika jengo lile hapakuwa na mtu aliyelijua jina hilo. Mlangoni pake palikuwa na kibao cha plastiki kilichoandikwa MICHORO YA NYUMBA, wapangaji wenzake walimwita mama wa michoro, na barua zake zilikuja kwa jina la kwenye cheti. Rula lilikuwa jina la chumbani. Alilitunga mtu mmoja, akalitumia mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa chini ya jiwe.

"Yukoje?"

"Wa kawaida tu. Ila amevaa koti la mvua, na jua lote hili."

Huyu dada wa mapokezi walimwita Sauti, na si bure. Ghorofa nzima ilikuwa ya vyumba vya kukodi, kila chumba na kampuni yake, na simu zote aliyepokea ni yeye. Kwa simu za wakili alikuwa na sauti nzito. Kwa watu wa bima, sauti ya asali. Lakini sasa sauti zote zilimkauka. Alimwona Rula akigeuka na kuushika ujia kama mtu anayetembea usingizini.

Ujia ule ulikuwa na zulia la kijivu linalomeza kila hatua. Rula alikuwa akilipenda. Siku hiyo alilichukia, maana mtu angeweza kutembea nyuma yako usimsikie.

Akafika kwenye mlango wa chumba cha mikutano. Akabisha hodi.

Hebu fikiria. Mtu anambishia hodi mumewe aliyekufa.

Kimya.

Akasukuma mlango. Meza ndefu, viti vimepangwa, madirisha yamefungwa. Hapakuwa na mtu.

Ila kikombe kilikuwepo. Chai ilikuwa nusu, na bado ilikuwa ikifuka moshi. Na kijiko kilikuwa kimelazwa juu ya mdomo wa kikombe, kutoka ukingo huu hadi ukingo ule.

Rula akakisogelea. Mumewe alikuwa akilaza kijiko hivyo hivyo miaka yote ya ndoa yao. Alisema anawawekea nzi daraja.

Halafu akaona zulia. Chini ya kiti cha mbele palikuwa na udongo. Mwekundu, mbichi, umeshikana kwa maji, kama uliotoka chini sasa hivi. Nje mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi uliopita.

Akainua macho ili asiutazame, na hapo ndipo alipokutana na ubao.

Mtu alikuwa amechora nyumba kwa kalamu ya kijani. Mistari ilipinda kidogo, ya mtu asiye fundi wa kuchora, lakini nyumba yenyewe Rula aliijua kama anavyojua kiganja chake. Jiko upande wa kulia. Kibaraza mbele. Dirisha la chumba cha mama limeshushwa chini, ili mama mkwe akikaa kitandani aone geti. Hii ndiyo nyumba waliyoipanga yeye na mumewe, taa imezimwa, kila mtu na mto wake. Mchoro wake haukuwahi kutoka nje ya nyumba yao.

Kitu kimoja tu hakukifahamu. Ubavuni mwa nyumba palikuwa na chumba cha ziada, kidogo, chenye dirisha kubwa. Chumba hicho hawakukipanga.

"Nani kaleta udongo kwenye zulia langu?"

Rula aliruka. Mlangoni alikuwa amesimama Meneja wa ofisi zile, shati limenyooka na uso umekunjamana. Nyuma yake alichungulia Sauti.

"Mama wa michoro, tuelewane," alisema Meneja. "Hapa unalipia kodi moja tu, kila kitu kimo. Umeme umo. Intaneti imo. Chai imo. Usafi umo. Lakini mgeni haingii chumba cha mikutano bila kuandikishwa. Halafu mteja wako, yule daktari wa meno, yuko njiani. Akutane na tope hili?"

"Na mizimu imo?" alinong'ona Sauti.

"Unasema?"

"Mume wa dada alishakufa, Meneja. Nimetoka kukumbuka sasa hivi. Dada alinieleza mwenyewe siku alipohamia hapa. Nami nimempa chai!" Akakinyooshea kikombe kidole. "Nimempa na sukari!"

Meneja hakuwa mtu wa kuamini mambo asiyoweza kuyaweka kwenye mkataba. Akawachukua wote wawili hadi chumbani kwake, akawasha skrini ya kamera za usalama, akarudisha picha nyuma.

Walimwona Sauti kwenye skrini, akitabasamu. Walimwona akisema na mtu. Lakini mtu mwenyewe hakuonekana. Kamera ilikuwa imefungwa upande mbaya, na nguzo ya mapokezi ilimkinga yule mgeni mzima mzima. Sauti alikuwa kama anaongea na nguzo.

"Mungu wangu," alisema Sauti halisi. "Mimi nimemwona! Naapa nimemwona!"

"Subiri," alisema Meneja.

Kwenye skrini, mkono ulitokea nyuma ya nguzo ukajiegemeza mezani. Mkono wa mwanamume, umevaa koti la mvua la kijani. Meneja akaisimamisha picha, akaikuza.

Ncha ya mkono wa koti ilikuwa imeshonwa. Uzi wenyewe ulikuwa wa njano.

Rula akaugusa kwenye skrini. Uzi ule aliushona yeye. Wa kijani ulikuwa umemwishia, akatumia wa njano uliokuwepo, na mumewe akacheka akasema sasa amepandishwa cheo. Akalivaa koti, akaenda kazini. Koti hilo liliingia naye kisimani. Hakuwahi kuliona tena.

"Basi yu hai," alisema Meneja, akikuna kidevu. "Hongera, mama. Lakini atatulipia zulia."

"Nyamaza," alisema Rula.

"Ametokea wapi sasa, na ameenda wapi?"

Hapo Sauti akashika kinywa. "Meneja. Hajatoka."

"Hajatoka wapi?"

"Mlango mkubwa ninaufungua mimi, kwa kitufe cha mezani kwangu. Tangu aingie nimembonyezea dada tu, na hakuna aliyetoka." Akautazama ujia. "Bado yumo humu ndani na sisi."

Meneja akanyanyua simu amwite mlinzi. Rula akamshika mkono, na nguvu aliyomshika nayo ilimshangaza hata yeye.

"Mtu asimguse. Awe mzimu, awe mtu, ni mgeni wangu. Nitamtafuta mwenyewe."

"Mkataba wako ni wa mwezi kwa mwezi, nakukumbusha."

"Nikumbushe baadaye."

Akatoka. Alitazama jikoni, akakuta birika limezimwa. Alitazama chumba cha fotokopi. Alifungua kibanda cha simu, akamkuta mtu wa bima akibembeleza mteja, akamfungia. Ukabaki mlango mmoja, wa mwisho wa ujia. Wake.

Ulikuwa wazi kidogo. Watu wa usafi waliuacha hivyo kila asubuhi. Akausukuma kwa ncha za vidole.

Chumba kilikuwa tupu. Meza, taa ya kuchorea, kiti chenye magurudumu kando ya dirisha. Kiyoyozi kikinguruma taratibu juu ya kabati. Rula akashusha pumzi.

Ndipo akasikia mtu anakohoa.

Mara mbili. Kikohozi kidogo, kavu, kama cha mtu anayesafisha koo kabla ya kukuita. Kisha sauti, kutoka chini ya meza:

"Rula. Zima hiyo pampu. Sisikii watu wa juu."

Ilikuwa sauti ya mumewe. Si kufanana. Ilikuwa ndiyo yenyewe, na ule uvivu wake wa kuvuta maneno ya mwisho.  Mkono wa Rula ukaenda wenyewe, ukabonyeza kitufe, kiyoyozi kikazimika. 

Akapiga magoti. Akachungulia.

Mwanamume alikuwa amejikunja chini ya meza ya kuchorea, magoti yamegusa kidevu, sikio moja limebandikwa ukutani. Koti la kijani lilikuwa limemzidi mabega. Viatu vimejaa tope. Akageuza uso.

Hakuwa yeye.

Rula alimtambua kwa shida, maana alikuwa amekonda sana. Alikuwa yule mwendesha pampu wa timu ya mumewe, waliyemwita Pampu. Siku ile ya msiba walikuwa wawili chini ya ardhi, na huyu ndiye aliyetolewa. Rula aliwahi kwenda hospitali kumwona. Alimkuta amegeukia ukuta, hasemi na mtu. Baadaye akasikia kwamba amechukuliwa na ndugu zake, na habari zake zikaishia hapo.

"Pampu?" alisema Rula. "Ni wewe?"

"Pampu yuko salama," ilijibu sauti ya mumewe kutoka kinywa cha mtu mwingine. "Nimempa koti. Alikuwa anatetemeka."

Sasa hapa, msomaji, mwingine angepiga yowe. Mlinzi angekuja, Meneja angefurahi, na hadithi ingekwisha. Hata Rula, kinywa alishakifungua.

Lakini miaka minne ni mingi kwa mtu ambaye hakuaga. Akakifunga. Akakaa sakafuni, akaegemea mguu wa meza, mabega yao yakakaribiana.

"Kulikuwaje huko?" aliuliza, taratibu, kama anavyomuuliza mtu aliyerudi safari.

"Giza. Lakini giza ukilizoea si baya. Tuliongea." Kile kikohozi tena. "Nilimweleza nyumba yote. Jiko, kibaraza, dirisha la mama. Nikamwambia nikitoka humu naongeza chumba."

"Chumba gani?"

"Cha Rula. Kila jioni anakunja karatasi zake mezani ili watu wapate pa kula. Mtu anachora nyumba za wenzake hana hata pa kuweka rula! Nikamwambia Pampu, nakijenga mwenyewe kwa mikono yangu. Dirisha kubwa, mwanga uingie upande wa kushoto."

Rula akalia. Hakulia siku ya kisima; alikuwa amefika amechelewa, ametoka kwenye mtihani wa ufundi wa kuchora, akakuta ardhi imeshasawazishwa na watu wanakusanya makoleo. Sasa alilia kwenye chumba cha kukodi, ambamo mlango, taa na hata kapu la taka vilikuwa vya mtu mwingine. Alikuwa akidhani chumba cha kazi ni wazo lake. Alidhani alilifikia peke yake.

"Uliumia?" aliuliza.

"Mguu tu, ulibanwa. Tulikuwa tunagonga bomba. Nao walikuwa wanatujibu. Tukigonga, wanagonga."

Machozi yakamkatika Rula. Akageuka.

"Nani alikuwa anawajibu?"

"Watu wa juu."

"Mimi niliambiwa ulikufa palepale. Kwamba hukuteseka. Mama alinishika mikono miwili akaniapia."

Yule mtu akamtazama. Kitu kikasogea usoni mwake, kama pazia, na aliposema tena sauti ilikuwa nyingine kabisa, nyembamba, ya aibu.

"Shemeji," alisema Pampu mwenyewe. "Nisamehe. Wakati mwingine ananijaa. Sina pa kumweka."

"Alikuwa hai?"

"Waliponivuta alikuwa anaongea. Mimi ndiye niliyekuwa huru, yeye mguu umebanwa. Akanivika koti. Akasema, ukifika juu usiache kuongea, nisikie, nijue mpo." Akalivuta koti kifuani. "Nilipofika juu nilizimia, shemeji. Nilizinduka kitandani, hospitali. Nikawaambia yu hai, mrudieni. Wakanichoma sindano ya usingizi. Sasa nifanyeje? Aliniambia nisiache kuongea. Basi siachi."

Simu ya mezani ikaita juu ya vichwa vyao. Wote wawili wakashtuka. Rula akanyoosha mkono, akaipokea bila kusimama.

"Dada," alinong'ona Sauti, "daktari wa meno amefika. Nimemweka chumba cha mikutano, nikatupia gazeti juu ya tope. Anautazama ule mchoro wa ubaoni. Anasema huo huo ndio anaoutaka kwa kliniki yake. Hata kile chumba cha pembeni amekipenda. Anasema usifute kitu."

"Mwambie nyumba ile ina mwenyewe."

"Nimwambie hivyo?"

"Hivyo hivyo. Akitaka kungoja nimchoree nyingine, angoje. Asipotaka, mpe chai aende."

Akakata simu. Ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza, na ameiachia kama kitambaa cha mkononi. Akamrudia Pampu.

"Nisikilize. Watu wanagonga, wanajibiwa. Wamekutoa wewe. Halafu wanafukia? Nani aliwaambia wafukie?"

"Sijui. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimeshapakiwa kwenye gari." Akaweka kiganja kifuani, juu ya koti. "Anayejua ni yeye. Kila siku namuuliza. Hataki kusema."

"Na hapa umefikaje? Nani alikuonyesha?"

"Mama."

"Mama yako?"

"Mama yake. Ndiye aliyenichukua kwa ndugu zangu, mwanzo wa mwaka huu. Nalala kwake, chumba cha uani. Jioni tunakaa, ananiambia, ongea mwanangu, nami naongea." Akashusha macho. "Leo kasema imetosha kujificha. Kasema tangulia kwa mkeo, mimi nakuja."

 Mama mkwe! Mwanamke ambaye tangu msiba alikataa kuvaa nguo ya matanga, akakataa kumwita Rula mjane, na mtu akimpa pole humuuliza, pole ya nini? Rula alimwendea kila Jumapili. Mwaka huu mzima alikuwa akimkuta amenawiri, anaimba, na chumba cha uani kimefungwa. Alidhani mama ameanza kupona.

Simu ikaita tena. Safari hii Sauti hakunong'ona. Alikuwa karibu kulia.

"Dada, kuna mama wa makamo hapa na begi la nguo za kiume. Anasema ni mkwe wako. Anasema amekuja kumchukua mwanawe na mke wa mwanawe, muende nyumbani. Nilikwisha kumbonyezea mlango, dada. Ameshapita!"

Hakukuwa na muda wa kufikiri. Mlango ukafunguka, akaingia mama mkwe, mnene, nadhifu, amejitanda vizuri, begi mkononi. Meneja alikuwa akimfuata unyounyo.

"Mama, hapa wageni wanaandikishwa!"

"Mimi si mgeni," alisema mama mkwe bila kugeuka. "Hawa ni wanangu." Akaliweka begi chini. Alipomwona Rula sakafuni karibu na Pampu, uso wake ukang'aa. "Alhamdulillahi. Mmeshaonana. Mkwe wangu, inuka umsalimie mumeo."

Rula akainuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, huyu ni Pampu."

"Sura ni ya Pampu. Sura nimeiona, sijawa kipofu. Mambo ya sura yasikushughulishe. Msikilize anavyoongea. Mimi nilimzaa, nilimfundisha neno la kwanza. Sauti hiyo naijua kuliko wewe."

"Nimeisikia."

"Basi wataka nini tena? Wenzako wakifiwa wanabaki na picha. Wewe umerudishiwa mtu anayekuita jina lako."

Na hapo, nisifiche, Rula alitikisika. Kwa sekunde moja aliiona nyumba: jiko kulia, dirisha la mama, chumba chenye mwanga wa kushoto, na jioni kikohozi kile mlangoni. Ilikuwa karibu sana. Ingemgharimu uongo mmoja tu.

Kisha akamtazama Pampu, jinsi alivyojishika magoti ndani ya koti lisilo lake, mtu mzima na mwili wake, na maisha yake yamekaliwa.

"Mama," alisema Rula, "ulikuwepo pale kisimani kabla yangu. Uliniapia alikufa palepale. Alikuwa anagonga bomba. Nani aliwaambia wafukie?"

Mama mkwe akawa kama hakusikia. Akafungua zipu ya begi, akatoa shati, akalikung'uta. "Vaa hili, mwanangu. Vua koti hilo bichi."

"Mama, nakuuliza."

"Vaa, nakwambia."

Chini ya meza, mtu akakohoa. Mara mbili.

"Mama," ilisema ile sauti nzito, ya kuvuta. "Nilikusikia."

Shati likasimama hewani.

"Ulinisikia lini, baba?" aliuliza mama mkwe, na tabasamu lake likaanza kutetemeka pembeni.

"Ulipoinama mdomoni mwa kisima. Uliwaambia wote warudi nyuma, ukainama peke yako. Ukasema, 'Nisamehe, nakufunika mimi niliyekuzaa, nisimpe mtu mwingine dhambi hii.'"

Meneja, mlangoni, alifungua kinywa kusema kitu kuhusu kanuni, akakifunga.

Rula akamtazama Pampu. Pampu alikuwa ameshapakiwa kwenye gari wakati ule. Alikuwa amezimia. Amesema mwenyewe, na sasa mama mkwe hakuikanusha ile sauti. Uso wa mama mkwe ulikuwa umekuwa wa majivu.

"Maneno hayo hakuyasikia kiumbe," alisema polepole. "Niliyasema ndani ya shimo."

Akageuka. Akamsukuma Meneja kifuani kwa kiganja kimoja, bila ukali, kama anavyotolewa kuku jikoni. Akafunga mlango, akazungusha ufunguo.

"Fungueni!" alipiga kelele Meneja nje. "Milango ya hapa haifungwi kwa ndani! Ni kanuni!"

"Mdogo wako alikuwa ameshajifunga kamba kiunoni, anashuka kukufuata," alisema mama mkwe. Machozi yalimtiririka, lakini sauti haikukatika. "Kuta zilikuwa zinameguka. Walinishika, wakaniambia mama sema wewe, mmoja au wawili. Hakuna mama anayeulizwa hivyo. Mimi niliulizwa. Sasa kaeni chini. Leo mtanisikiliza nyote watatu."

Rula akawahesabu kwa macho.

"Mama," alisema, "humu tuko wawili tu. Mimi na Pampu."

 Mama mkwe hakuwa akimtazama Rula, wala chini ya meza alikokuwa Pampu. Alikuwa akitazama juu ya bega la Rula, kule dirishani, na macho yake yalikuwa ya mtu anayemwona mwanawe akiingia nyumbani.

Na nyuma yake, pale pasipokuwa na mtu, Rula akasikia magurudumu ya kiti yakisogea taratibu sakafuni, kama kiti kinavyosogea mtu anapokaa.